Chujio la mwani linapogoma: anza na wavu, pampu baadaye

Unafunua chujio la mwani la tangi lako la samaki baada ya wiki tatu za kungoja, unakuta wavu mweupe vilevile kama siku ulipoutoa dukani, ilhali vioo vya tangi vimevaa ukijani hadi samaki huwaoni vizuri. Au wavu umeota kitu kweli, lakini ni ute mweusi wenye harufu ya tope. Hapo wengi wetu hukimbilia pampu tukaibadilisha, tukabadilisha na taa, tukamwaga na nusu ya maji, yote ndani ya siku moja. Wiki inayofuata hali imegeuka, nzuri au mbaya, na hakuna anayejua kilichoigeuza ni kipi.

Naomba tuanze kwingine. Utazame mwani wenyewe: rangi yake, unavyoshikika mkononi, pale ulipoota na pale ulipokataa kuota. Nafuga mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kwenye tangi la lita 240 sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, na maji yao yanasafishwa na chujio nililojiundia kwa bomba na wavu. Huu ni mwaka wa sita. Karibu kila hitilafu iliyonipata ilianza kuonekana kwenye wavu siku kadhaa kabla haijafika kwa samaki.

Kwa aliye mgeni wa jambo hili: pampu inapandisha maji ya tangi hadi kwenye bomba lenye mpasuo, maji yanateremka juu ya wavu wa plastiki kama pazia jembamba, na taa zinaumulika wavu pande zote mbili. Mwani unaota hapo kwa kula amonia, naitreti na fosfeti zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Ukiuvuna, umeutoa uchafu huo nje ya tangi moja kwa moja. Mbuna wenyewe wanaishi kwa mpango huohuo. Kwenye miamba ya ziwani, kuanzia Mbamba Bay hadi upande wa Malawi, wanashinda kutwa wakikwangua mwani mfupi uliofunika mawe, hata haupati nafasi ya kurefuka ukaoza. Kwenye chujio, kazi hiyo ya mbuna ni yako.

Vipimo vya kulinganishia

Huwezi kusema taa ni hafifu au maji ni machache bila kujua yanatakiwa kiasi gani, kwa hiyo nitaje vya kwangu.

Wavu una upana wa sentimita 15, na sehemu inayopitiwa na maji ni urefu wa sentimita 20. Bomba ni la PVC la robo tatu ya inchi, lenye mpasuo wa milimita 3 ambamo ukingo wa juu wa wavu umepenyezwa. Kila sentimita moja ya upana inataka kama lita 50 za maji kwa saa, kwa hiyo wavu wangu unahitaji lita 750. Pampu imeandikwa lita 1,200, kwa sababu namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji kwenda juu. Ukiipa mita moja ya kupandisha na viwiko viwili vya bomba, inapungua sana. Usiiamini hiyo namba. Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu, ukinge maji yote yanayotoka kwenye wavu, upime. Ndoo ikijaa kwa sekunde 48, hizo ni lita 750 kwa saa.

Ukubwa wa wavu unafuata chakula unachotoa, wala si lita za tangi. Kwa kila michoto kumi ya vidole viwili ya chakula cha vipande kwa siku, tenga kama sentimita za mraba 80 za wavu uliomulikwa pande zote. Mimi natoa michoto thelathini na kitu, na wavu wangu wa sentimita za mraba 300 unaimudu. Mtu mwenye samaki sita kwenye tangi kubwa akiweka wavu mpana atapata mwani wa mabaka mabaka, chujio lionekane bovu, kumbe limekosa tu cha kula.

Taa ni mbili, kila upande moja, LED nyekundu za mimea za nanomita 660, wati 20 kila moja, sentimita 8 kutoka kwenye wavu. Zinawaka saa 16, na kwa sehemu kubwa zinawaka usiku, wakati taa ya tangi imezimwa. Mwani unaofanya kazi usiku unatoa oksijeni saa ambazo samaki wanaihitaji zaidi, na unazuia pH, kipimo cha uchachu wa maji, isishuke sana kabla ya alfajiri.

Wavu umebaki mweupe

Kama ni siku ya saba au ya kumi, ngoja. Kitu cha kwanza kuota ni utando mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa ambao wengine hawauoni hadi wapitishe kidole. Kama zimepita wiki tatu na kidole kinatoka safi, ukague wavu.

Wavu laini ndio kosa la kwanza, na kwa sisi wa maji baridi kosa hili linauma zaidi, maana mwani wa maji baridi hushika kwa udhaifu kuliko wa baharini. Chukua jino la msumeno wa chuma ulikokote juu ya wavu kwa kwenda na kurudi, kisha kwa kukatisha, pande zote mbili. Acha pale unapoupitishia kiganja na kuhisi kidevu ambacho hakijanyolewa siku mbili. Itakuchukua nusu saa na mikono itachoka, lakini wavu usiokwaruzwa utakudanganya miezi. Wavu wa mbu na vyandarua vya namna hiyo havifai. Vinalegea na kukunjamana. Tafuta wavu mgumu wa plastiki wa kudarizia, wenye matundu ya milimita 3 hivi.

Baada ya hapo nenda kwenye taa. Nilipoanza, muuza taa mmoja wa Kariakoo alinitoa wasiwasi: "Kaka, taa ni taa tu, chukua hii ya bluu inang'aa zaidi." Nikachukua ukanda wa taa za urembo. Wavu ulikaa mweupe mwezi mzima. Nikaamua kupima: nusu ya kushoto nikaacha ukanda uleule, nusu ya kulia nikaweka balbu nyekundu ya mimea ya wati 15. Siku ya kumi na moja nusu ya kulia ilikuwa na manyoya ya kijani yenye urefu wa ukucha, na mpaka kati ya nusu mbili ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula. Baadaye nilipoupima ule ukanda kwa mita ya umeme, wote mzima ulikuwa unakula wati 4. Kwa hiyo kosa halikuwa rangi peke yake. Taa nyeupe yenye nguvu, ile ya wekundu wekundu wa jioni, inaotesha mwani vizuri tu. Taa dhaifu haioteshi, hata iwe ya rangi gani.

Kama wavu ni mkwaruzo mtupu na taa ni kali, jiulize ulichomimina kwenye tangi. Dawa za samaki zenye shaba zinaua mwani, na chembechembe zake hubaki kwenye mawe na mchanga muda mrefu. Dawa za kuua ukijani vivyo hivyo. Wapo wanaoweka chujio la mwani huku wakiendelea kutia dawa ya kuua mwani kila Jumapili kwa mazoea. Acha dawa, badilisha maji robo robo kwa wiki tatu, kisha omba kipande cha mwani kutoka kwa mwenzako anayefuga, ukisugue kwenye wavu pampu ikiwa imezimwa. Mbegu hiyo inapunguza kungoja.

Ute wa kahawia, ute mweusi

Watu wanavichanganya hivi viwili, na tiba zake hazifanani.

Ute wa kahawia hafifu unaotoka kwa kupangusa, katika wiki tatu nne za mwanzo, ni dayatomu, mwani mdogo sana usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Ni hatua ya kawaida. Pangusa kidogo kwa vidole chini ya bomba, usisugue hadi wavu ung'ae, urudishe. Kijani kitaota juu ya ule utando uliobaki.

Ute mweusi, mzito, unaoteleza kama oili chafu ya gari, ni habari nyingine. Unakwambia chakula ndani ya maji kimezidi mwanga ulioupa mwani. Kabla ya kugusa taa, chungulia nyuma ya mawe. Mara mbili nimekuta samaki aliyekufa amenasa nyuma ya jiwe kubwa, nyama imebaki miiba. Ukimkosa, punguza kulisha kwa theluthi moja na uongeze saa za taa hadi 18. Na uvune ute huo kila baada ya siku tano, usingoje wiki mbili, kwa sababu ute wenyewe ni pazia: mwanga haupenyi kufika chini, kwa hiyo mwani mzuri hauwezi kuanza. Kwangu iligeuka kijani kwenye mavuno ya nne.

Ukiona utando wa kijani kinachoelekea bluu, unaobanduka kwa mapande mazima kama ganda la kitunguu na kunuka kinamasi, hiyo ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani. Itafute pale maji yanapopita kwa unyonge, na uongeze mtiririko.

Manjano yenye mpira, na ncha nyeupe

Mwani wa manjano unaovutika kama ubani uliotafunwa, mgumu kuukwangua, umepata mwanga mwingi kuliko maji na chakula vinavyoweza kuuhudumia. Hapa ndipo mazoea yanapotuponza, kwa sababu tukiona mwani haukui vizuri tunaongeza taa, na hali inazidi. Fanya kinyume. Shusha saa hadi 9 au 10, sogeza taa nyuma sentimita chache, na upime mtiririko upya kwa ndoo, maana pampu iliyojaa uchafu hupungua kidogo kidogo bila kukutaarifu. Mara nyingi dawa ni kuifungua pampu na kusafisha ile sumaku inayozunguka kwa mswaki. Kwenye matangi ya bahari yenye maji masafi sana, upungufu wa madini ya chuma nao huleta sura hii, lakini usikimbilie kutia chuma kabla hujajaribu saa za taa.

Ncha nyeupe, au duara jeupe katikati ya wavu mbele ya balbu, ni kuungua. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaijua sura hii kwa uchungu: jua likiwa kali na maji yakawa ya kina kifupi, mwani wao unageuka mweupe, unalainika na kukatika kwenye kamba. Mwani wetu ni wa jamii nyingine, ila ukiona weupe jua kwamba umeumia. Weka karatasi nyeupe nyembamba ya plastiki kati ya balbu na wavu ili mwanga usambae.

Mistari mitupu

Wavu ukiota vizuri lakini una mstari wima usio na kitu, maji hayafiki hapo. Sababu iko juu, kwenye mpasuo. Zima pampu, toa bomba, lishike kuelekea dirishani. Utaona kipande cha jani, uzi wa mwani uliorudi na mtiririko, au konokono mdogo wa pembe aliyejipachika kwenye milimita 3 zile kama kizibo. Wale konokono ni wengi kwenye mchanga wa matangi yetu, na wachanga wao wanapita ndani ya pampu bila kudhurika. Kadi ya simu iliyokwisha inapita kwenye mpasuo na kusukuma kila kitu. Kuanzia siku hiyo vesha mdomo wa pampu sponji ya matundu makubwa.

Hata hivyo mwani wenyewe ndio mzibaji mkuu. Mwanga ukipiga bomba, mwani unaota ndani ya mpasuo na kuukaba pande mbili. Zungushia bomba tepu nyeusi, ukiacha wazi ule mpasuo tu, na ushushe taa ili miale yake ianzie sentimita mbili chini ya bomba. Na kama hujagundisha bado, usigundishe kifuniko cha mwisho wa bomba. Tumia kifuniko cha kuzungusha chenye nyuzi za skrubu, ukifunge kwa tepu ya bomba, siku ya kusafisha ukifungue kwa mkono. Nililigundisha la kwanza na nikalazimika kulikata kwa msumeno.

Mtiririko usipokuwa sawa kote, mwani hauli sawa. Maji yakisimama kuuzunguka, tabaka jembamba linaloukumbatia mwani linaishiwa chakula upesi, hata kama tangi zima limejaa naitreti. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian huko Washington, ambaye alipata hataza ya chujio la namna hii mwaka 1982, alikuwa anatumia chombo kinachojaa maji kisha kujipindua juu ya wavu uliolazwa, akiiga wimbi linalopiga mwamba. Sisi tumebaki na pazia la maji kwa kuwa ni rahisi kuliunda, lakini kazi ni ileile, kulipasua hilo tabaka.

Mwani unabanduka na kuelea ndani ya tangi

Umechelewa kuvuna. Sioni haja ya kuzunguka. Mwani ukinenepa, tabaka la chini linakosa mwanga, linakufa, na mizizi ile iliyoshika wavu inaachia. Kinachoanguka tangini kinaoza, na naitreti uliyokuwa umeitoa inarudi. Nusu ya malalamiko kwamba chujio lilifanya kazi miezi miwili kisha likaacha yanatoka hapa.

Vuna kila baada ya siku 7 hadi 14, unene ukifika sentimita moja na nusu hadi mbili. Zima pampu, toa wavu na bomba lake, uupeleke kwenye sinki. Usivunie juu ya tangi. Mwani mzuri wa kijani unatoka kwa kucha za vidole, unajikunja mbele ya vidole kama sufi iliyolowa, na chini yake unaona vimizizi vya kijani vimebaki kwenye matundu. Hivyo viache, ndivyo vitakavyoota tena. Kwenye tangi dogo vuna upande mmoja wiki hii na wa pili wiki ijayo, ili maji yasikose mlaji hata siku moja. Suuza kwa maji hadi yale majimaji ya kijani yaishe, kwa sababu ukirudisha wavu unaovuja juisi hiyo, maji ya tangi yataingia umanjano.

Umanjano ukishaingia, mfuko mdogo wa mkaa amilifu, ule maalumu wa kuchujia maji, kwa siku tatu unauondoa. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo, na unamwaga majivu.

Mavuno yangu, yakikamuliwa, huwa yanajaa kiganja. Fungu dogo nawarudishia mbuna, wanaligombea. Linalobaki naliweka kwenye vyungu vya maua. Kama ulikuwa unatibu samaki kwa dawa, lote liende kwenye takataka.

Wavu una afya, tangi bado la kijani

Hili linavunja watu moyo kuliko yote. Mwani wa wavuni unachukua wiki nne hadi nane kushinda ushindani na ule wa vioo, na mawe yaliyonyonya fosfeti kwa miaka yanaendelea kuiachia taratibu. Lakini uvumilivu usigeuke uzembe. Yapo mambo matatu ya kukagua.

Taa ya tangi: saa 8 zinatosha. Wavu lazima upate mwanga mkali na mrefu kuliko tangi, la sivyo mwani unachagua kuota tangini.

Jua la dirishani: saa moja ya jua la saa tisa alasiri kwenye kioo cha pembeni inashinda kazi yote ya taa zako. Weka pazia.

Na maji unayoongezea. Mwaka wangu wa pili naitreti iligoma kushuka chini ya miligramu 40 kwa lita, na wavu ulikuwa wa kijani kizuri ajabu. Nilimaliza chupa nzima ya kipimo nikipima maji ya tangi. Siku moja nikapima ya ndoo, yale ninayobadilishia. Yalikuwa na 35. Mtaani kwetu tulikuwa tunatumia kisima, na maji ya visima vingi vya mijini yana naitreti, hasa visima vinapokaribiana na vyoo vya shimo. Kila nilipobadilisha maji nilikuwa naongeza kile nilichokuwa nakitoa. Nilianza kukinga maji ya mvua ya bati, nikiacha mvua ya kwanza ioshe paa, nayachanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Nusu ya kisima inabaki kwa sababu mbuna wanahitaji maji magumu yenye pH ya juu. Ndani ya wiki sita kipimo kilisoma 10.

Maji sakafuni

Hili lina hatari, na laiti mtu angeniambia mapema. Boksi la chujio linapokea maji juu na kuyaachia kwa tundu la chini. Kipande cha mwani kikibanduka na kuziba tundu hilo, pampu haijui. Inaendelea kupandisha, boksi linafurika, tangi linahamia sakafuni. Kwangu ilitokea saa nane usiku. Mke wangu ndiye aliyeamka, akaniita, "Baba Neema, njoo uone, zulia linaelea." Lita 60 zilikuwa zimetoka, na soketi ya ukutani ilikuwa sentimita chache juu ya maji.

Weka matundu mawili ya kutokea, la pili likiwa juu kidogo ya la kwanza, na yote mawili yawe na upana unaozidi bomba la kuingizia. Funika kila moja kwa kikapu cha plastiki chenye matundu makubwa, si bapa bali kilichochomoza, ili jani moja lisiweze kukifunika chote. Pampu iwekwe sentimita tano tu chini ya usawa wa maji ya tangi, isikae sakafuni mwa tangi: hata boksi likifurika, pampu itavuta hewa na kukoma kabla samaki hawajabaki wakavu. Nyaya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotambaa kwenye waya lidondoke chini. Na mwite fundi umeme akufungie kikata umeme kinachojizima mkondo ukivuja. Usiingize mkono kwenye maji taa zikiwa zinawaka.

Umeme ukikatika, na maji yanayopungua

Pazia la maji likikoma, wavu unaanza kukauka. Kwa joto la Dar wakati wa kaskazi, saa mbili bila umeme si neno, mwani unabaki na unyevu. Saa nne tano, ncha zinaanza kufa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiache pampu ijiwashe na kumwaga mwani mfu tangini: toa wavu, uusuuze kwenye sinki, mabaki yote ya mwani mfu yaondoke, ndipo urudishe. Katizo likiwa refu, toa wavu uulaze ndani ya maji ya tangi lenyewe hadi umeme urudi. Samaki wapewe pampu ndogo ya hewa ya betri, kwani wao wanaishiwa oksijeni kabla mwani haujafa.

Harufu mbaya bila umeme kukatika inatoka mahali palipo nje ya pazia, kwenye pembe za wavu ambazo maji hayafiki. Zikate kwa mkasi.

Pazia linapoza maji, na kwa nchi ya joto hiyo ni neema. Tangi langu linashuka kama nyuzi 2. Bei yake ni mvuke. Natia karibu lita 3 kila siku mwezi wa Februari. Kinachoondoka ni maji matupu, madini yanabaki, kwa hiyo ukifidia kwa maji ya kisima kila siku, ugumu unapanda mwezi hadi mwezi. Fidia kwa maji ya mvua, na yale ya kisima yawe ya siku ya kubadilisha tu. Mwenye tangi la bahari naye afidie kwa maji yasiyo na chumvi.

Ukisafiri wiki mbili

Vuna siku ya kuondoka, si siku mbili kabla. Shusha saa za taa hadi 9, kwa sababu samaki watalishwa kidogo na mwani utakosa chakula. Safisha mpasuo, safisha vikapu vya matundu ya kutokea, upime mtiririko kwa ndoo mara ya mwisho. Chakula cha kila siku kifunge kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku, umwachie jirani hivyo tu na ufiche kopo, maana anayelisha samaki wa mtu mwingine huwaonea huruma akazidisha. Mwonyeshe soketi ya pampu na umwambie: ukiona maji nje ya tangi, chomoa hii kwanza, kisha unipigie.